Hodhi la Kufungasia na Jina la Butiama Majini

Kijiji cha Butiama hakikai ziwani. Kimejengwa bara, katika vilima vyenye majabali makubwa, mwendo wa zaidi ya kilomita 40 kutoka mji wa Musoma, na Wazanaki wenye kijiji hicho hujulikana kwa jembe na mifugo kuliko kwa kasia na wavu. Hata hivyo jina lake limo majini kwa muda mrefu. Liliandikwa ubavuni mwa MV Butiama, meli iliyoundwa mwaka 1980 kwa ajili ya abiria 200 na shehena ya tani 100, ikasimama kazi mwaka 2010, ikakarabatiwa, na mwaka 2020 ikarejea katika njia ya Mwanza na Nansio. Jina la mwana mashuhuri wa kijiji hicho, Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, nalo lilipewa kivuko cha MV Nyerere, kilichoundwa mwaka 2004 kiwavushe watu baina ya Bugolora, katika kisiwa cha Ukerewe, na Bwisya, katika kisiwa cha Ukara. Meli ya kwanza ilichakaa kama vinavyochakaa vyombo vyote, ikatengenezwa. Kivuko kilipinduka siku ya Alhamisi, tarehe 20 Septemba 2018, karibu kabisa na gati la Bwisya, na watu 228 wakafa.

Majina haya mawili yanalirudisha swali ambalo ni la kale kuliko meli zote za Ziwa Victoria: tabia ya chombo hujulikanaje kabla hakijapakiwa watu? Tangu mwaka 1872 jibu la wahandisi limekuwa ni kutengeneza kielelezo kidogo cha chombo hicho, kukifungasa katika maji yaliyotulia, na kupima. Makala haya yanahusu vifaa vinavyotumika katika kazi hiyo, majina yanayoweza kuvifaa vifaa hivyo kwa Kiswahili, na hasa kifaa kimoja kidogo ambacho aghalabu husahauliwa kwa sababu hakina kishindo.

Msomaji ameona kwamba kitenzi kilichochaguliwa ni kufungasa. Mtunga istilahi anayekutana na jambo hili kwa mara ya kwanza yamkini atasema “tangi la kuvutia” au “bwawa la kukokotea,” wala si vema kumlaumu. Lakini tangi kwa msikilizaji wa leo ni la petroli au la maji ya mvua yatokayo paani. Kuvuta ni kitenzi cha kila kitu, kwani mtu huvuta kamba, sigara, pumzi na hata muda. Na kukokota ni kazi ya punda na mkokoteni wake. Kufungasa ni neno la mabaharia lenye maana moja tu, nayo ni chombo kuvutwa majini na kingine. Neno lenyewe limo katika lugha tangu zama za majahazi, na lilikuwa likingoja kazi. Hodhi vilevile ni maji yaliyozuiliwa kwa kuta ili yatumike kwa makusudi maalumu. Basi hodhi la kufungasia litakuwa jina lisilohitaji kuelezwa mara mbili kwa mtu wa Lamu au wa Mkokotoni. Na mtu wa Musoma, ambaye istilahi za pwani humfikia zimechoka kwa safari, atalielewa akisha kuonyeshwa chombo.

Chombo chenyewe ni hiki. Ni mfereji mrefu ulionyooka, wenye kuta za saruji na maji baridi. Juu ya kuta zake mbili zimelazwa reli, na juu ya reli hizo hutembea behewa linalovuka upana wote wa hodhi kama daraja lenye magurudumu. Chini ya behewa hufungwa kielelezo cha meli. Behewa likienda, kielelezo huenda, na baina ya viwili hivyo huwekwa dinamomita, yaani mizani ya kupima kani inayohitajika kukisukuma kielelezo katika kasi ile. Kuna vishikizo vinavyokizuia kielelezo kisigeuke kushoto wala kulia, lakini vikakiacha huru kuinuka na kushuka, maana omo na tezi ya meli inayokwenda kwa kasi hazikai pale zilipokuwa gatini. Mwisho mmoja wa hodhi huwa na ubao mpana wenye bawaba ambao hupigapiga maji na kuzalisha mawimbi ya urefu na kimo kinachotakiwa. Mwisho wa pili huwa na ufuko wa bandia, mteremko wa mbao au wa saruji, ambao kazi yake ni kuyaua mawimbi yasirudi. Pasipo ufuko huo kielelezo kingekutana na mawimbi yake yenyewe yakitoka ukutani, na vipimo vyote vingekuwa ni vya uongo.

Reli hizo zina habari ya ajabu kidogo. Uso wa maji yaliyotulia haukunyooka kama rula. Unafuata mviringo wa dunia. Katika hodhi la mita 100 tofauti baina ya mstari ulionyooka na uso wa maji ni kama sehemu mbili za kumi za milimita, jambo ambalo fundi mwashi wa kawaida angelicheka. Lakini katika mahodhi marefu zaidi tofauti hiyo hukua upesi, na reli hulazimika kulazwa kwa kuyafuata maji, si kwa kuufuata uzi. Hiyo ni kazi ya subira. Subira nyingine ni ya kungoja: behewa likisha kufika mwisho na kusimama, maji yote yamevurugika, na wapimaji hukaa dakika kadhaa wakitazama uso wa hodhi mpaka utulie kabisa ndipo safari nyingine ianze. Sehemu kubwa ya siku katika hodhi hupita pasipo kitu chochote kutembea.

Aliyeanzisha utaratibu huu ni William Froude, mhandisi wa Uingereza. Katika miaka ya 1860 alitengeneza vielelezo vya maumbo mawili, kimoja akakiita Swan, yaani bata maji, chenye omo la mviringo, na kingine Raven, yaani kunguru, chenye omo lililochongoka. Alivifungasa mtoni, naye akaona kwamba hakuna umbo lililoshinda katika kasi zote. Lililokuwa bora katika mwendo wa pole halikuwa bora katika mwendo wa haraka. Jambo hilo liliwavunja moyo waliokuwa wakitafuta umbo moja la meli lililo kamili, kwa kuwa lilionyesha kwamba umbo hilo halipo. Baadaye Idara ya Jeshi la Majini ya nchi yake ikamgharimia, naye akajenga hodhi lenye urefu wa takriban mita 85 karibu na nyumba yake huko Torquay, na majaribio yakaanza mwaka 1872. Mwaka 1883 kiwanda cha Denny cha Dumbarton, Uskoti, kikajenga hodhi lake chenyewe, likawa la kwanza kumilikiwa na waunda meli wa biashara. Siku hizi ni sehemu ya makumbusho. Dumbarton iko kandokando ya mto Clyde, na ni kutoka mto huohuo, katika kiwanda cha Yarrow mjini Glasgow, ilikotoka MV Victoria, ikiwa imefunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa hadi Kisumu, ikaungwa tena na kuanza kazi mwaka 1961. Meli ambayo vizazi vya watu wa Musoma, Mwanza na Bukoba waliijua kwa honi yake ilikuwa mtoto wa nchi ya mahodhi.

Ugunduzi mkubwa wa Froude, hata hivyo, haukuwa hodhi bali hesabu. Kielelezo hakiwezi kukimbizwa kwa kasi ya meli yenyewe, kwa kuwa mawimbi yake yangekuwa ya namna nyingine kabisa. Kasi hupunguzwa kwa kipeuo cha pili cha uwiano. Kielelezo kikiwa ni sehemu moja ya 16 ya meli, kasi hugawanywa kwa 4, na meli ya noti 8 hufungasishwa kwa noti 2, ambayo ni kasi ya mtu anayetembea bila haraka. Hapo ndipo mawimbi ya kielelezo hufanana na ya meli kama mtoto na mzazi wake. Msuguano wa maji na ngozi ya chombo haufuati kanuni hiyo, ndiyo maana Froude aliutenga, akaupima peke yake kwa kufungasa mbao nyembamba, kisha akaurudisha katika hesabu. Mpaka leo wapimaji hupachika safu ya vijiti vifupi karibu na omo la kielelezo ili kuyavuruga maji, kwa sababu maji yanayopita ubavuni mwa chombo kidogo huwa na adabu kuliko yale yanayopita ubavuni mwa meli.

Vielelezo vya Froude vilichongwa kwa nta. Nta huchongeka upesi, na jaribio likisha huyeyushwa ikafanya kazi nyingine. Mbinu hiyo isingefaa sana katika mkoa wa Mara, ambako nta iliyoachwa karibu na dirisha mchana wa Januari huanza kulegea. Mbao au faiba ingekuwa bora. Kwa upande mwingine, meli za Ziwa Victoria zina bahati ambayo meli za bahari hazina. Maji ya mahodhi mengi ni maji baridi, ilhali maji ya bahari ni mazito zaidi kwa kadiri ya sehemu mbili na nusu katika kila mia, na kwa hiyo vipimo vya meli ya bahari hulazimika kusahihishwa. Meli ya ziwa hupimwa katika maji ya aina ileile itakayoelea.

Mpaka hapa msomaji anaweza kudhani kwamba kifaa kikuu cha hodhi ni behewa, kwa kuwa ndilo kubwa, ndilo ghali, na ndilo linalopigwa picha. Si hivyo. Kabla behewa halijaguswa, kielelezo huwekwa juu ya mizani mtu akakijua uzito wake hadi gramu. Kisha hutiwa farumi. Farumi ni neno jingine ambalo mabaharia wa Kiswahili wamekuwa nalo tangu zamani: ni mawe, mchanga au kitu kingine kizito kinachowekwa ngamani, chini kabisa, ili chombo kisicho na shehena kisiende mrama. Katika kielelezo farumi huwa ni vipande vya chuma au risasi vilivyopimwa kimoja kimoja, na kila kimoja huandikiwa mahali pake: umbali kutoka omoni, umbali kutoka ubavuni, kimo juu ya mkuku. Yanayotafutwa si mamoja bali mawili. La kwanza ni kwamba kielelezo kizame mpaka mstari uleule ambao meli itazama. La pili, nalo ndilo gumu, ni kwamba kitovu cha uzito kiwe pale kitakapokuwa katika meli, si juu zaidi, si chini zaidi. Kielelezo ambacho farumi yake haijulikani hakifungwi chini ya behewa, hata kama kimechongwa na fundi bora duniani.

Hesabu ya farumi ina ukali wake. Katika uwiano wa 1 kwa 16 uzito haugawanywi kwa 16 bali kwa 16 mara 16 mara 16, yaani kwa 4,096. Shehena ya tani 100 ambayo MV Butiama iliandikiwa kubeba huwa kilo 24 na ushei. Mtu wa kilo 65 huwa gramu 16. Gramu 16 ni uzito wa washa mbili tatu za chuma kutoka katika kopo la fundi baiskeli. Abiria wote 200 wa MV Butiama, pamoja na mikoba yao iliyo myepesi, wangeingia katika kofia moja.

MV Nyerere iliandikiwa abiria 101, shehena ya tani 25 na magari matatu. Abiria 101 katika kielelezo cha uwiano huo ni kilo 1 na gramu 600. Siku ile ya Alhamisi ilikuwa siku ya gulio Bugolora. Watu walikuwa wanarudi Ukara na mizigo yao. Waliokufa walikuwa 228, na waliookolewa 41. Kwa hiyo waliokuwamo hawakupungua 269, ambao katika kielelezo ni kilo 4 na robo. Hakuna mpimaji wa hodhi ambaye angeacha kilo 1.6 igeuke kilo 4.25 bila kusimamisha behewa na kuuliza nani ameongeza nini, wapi. Katika hodhi tofauti hiyo huonekana kwa macho kabla hata ya mizani, kwa kuwa mstari wa maji uliochorwa kwa penseli ubavuni umefunikwa.

Taarifa za siku zile zilieleza kwamba kivuko kilipokaribia gati abiria walihamia upande mmoja ili washuke. Jambo hilo ni la kawaida kabisa. Hata katika daladala watu husimama kabla ya kituo. Lakini katika elimu ya meli kitendo hicho kina jina. Tangu Mfaransa Pierre Bouguer alipochapisha kitabu chake cha elimu ya meli mwaka 1746 imejulikana kwamba kinachoirudisha meli iliyolala upande ni uhusiano baina ya kitovu cha uzito wake na nukta nyingine iliyo juu, iitwayo metasenta, ambayo mahali pake huamuliwa na umbo la sehemu iliyozama. Kitovu cha uzito kikiwa chini ya nukta hiyo kwa kadiri ya kutosha, meli hurudi. Kikipanda kuikaribia, meli husitasita. Kikiipita, mrama mdogo humaliza kazi. Na njia ya kukipata kitovu hicho katika meli iliyokwisha kuundwa ni rahisi kiasi cha kushangaza. Huchukuliwa uzito unaojulikana, ukahamishwa kutoka upande mmoja wa sitaha hadi mwingine, na meli ikaachwa ilale kidogo. Ndani yake hutundikwa timazi ndefu, ileile ya waashi, na chini ya timazi huwekwa rula, na mara nyingi ndoo ya maji au ya mafuta ambamo bildi ya timazi huzamishwa isiyumbeyumbe. Timazi ikisogea sentimita kadhaa, hesabu fupi humwambia mpimaji kitovu kiko wapi. Hili huitwa jaribio la kulaza meli, na ni sharti kwa meli za abiria kote duniani.

Abiria wanaohamia upande mmoja wa kivuko hufanya jaribio hilohilo. Uzito unahama kutoka upande hadi upande, chombo kinalala, jibu linatolewa. Tofauti ni kwamba uzito wenyewe haukuandikwa, timazi haipo, na hakuna aliyeshika penseli.

Miaka 22 kabla ya hapo, tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza ikitokea Bukoba na Kemondo. Ilikuwa imeruhusiwa abiria 430. Orodha ya daraja la kwanza na la pili ilikuwa na majina 443, na daraja la tatu halikuwa na orodha. Waliokufa ni zaidi ya 800. Mambo mengi yameandikwa kuhusu msiba huo, kuhusu uthabiti wa meli ile, na kuhusu ubavu uliotobolewa na waokoaji hewa ikatoka, na si kazi ya makala haya kuyarudia. Itoshe kusema kwamba meli isiyo na orodha ya daraja la tatu ni kielelezo ambacho theluthi ya farumi yake haijapimwa, kisha kinafungwa chini ya behewa.

Hapa kuna hoja moja inayohitaji kujibiwa kwa heshima. Watu husema kwamba mahodhi ni anasa ya mataifa tajiri, na kwamba mafundi wa ziwa wameunda vyombo vyao karne na karne bila hodhi wala dinamomita. Ni kweli kwamba mtumbwi wa Sese, wa mbao zilizoungwa juu ya mkuku mmoja na omo lililotokeza mbele, ulilishinda ziwa hili kabla ya boti ya mvuke ya kwanza. Lakini si kweli kwamba fundi wake hakufanya majaribio. Alikuwa na hodhi la kilomita za mraba karibu 69,000, na kila chombo chake kilikuwa kielelezo cha kinachofuata. Mtumbwi ukipenda kwenda mrama, uliofuata uliongezewa upana. Ukiwa mzito wa kasia, uliofuata ulipunguzwa. Zaidi ya hayo, fundi huyo, mwenye chombo na mpiga kasia mara nyingi walikuwa mtu mmoja au ndugu. Aliyejua chombo kinabeba nini ndiye aliyekipakia, na ndiye aliyeingia ndani yake. Ujuzi ulikuwa haujagawanyika. Meli ya chuma iliugawa: anayechora yuko Glasgow au kwingineko, anayeunga yuko Kisumu au Mwanza, anayekata tiketi yuko dirishani, kuli yuko gatini, na nahodha yuko juu. Karatasi ya farumi ndiyo kamba pekee inayowaunganisha hao wote, na kamba hiyo ni nyepesi sana.

Uingereza yenyewe ilijifunza hilo kwa gharama. Manowari ya HMS Captain ilipinduka usiku wa kuamkia tarehe 7 Septemba 1870 ikiwa na milingoti mirefu, mizinga mizito na ubavu uliokuwa chini mno kuliko ulivyochorwa, kwa kuwa ilipoundwa ilizidi uzito uliokusudiwa. Watu karibu 500 walikufa. Jaribio la kuilaza lilikwisha kufanywa wiki chache kabla, lakini hesabu zake zilichelewa, na meli ilikwisha kuondoka. Hodhi la Torquay lilijengwa katika kivuli cha msiba huo, ingawa wanaosimulia habari za Froude hupenda zaidi kusimulia bata maji na kunguru.

Inafaa kukumbukwa pia kwamba lugha ya meli si ngeni kwa mwana wa Butiama. Mwalimu Nyerere alipoifasiri tamthilia ya Shakespeare, ikachapishwa mwaka 1969 kwa jina la Mabepari wa Venisi, alikuwa anafasiri kisa ambacho nguzo yake ni shehena iliyoko baharini na habari za meli kuzama. Mzanaki wa milimani aliyaweka hayo yote katika Kiswahili bila kuomba radhi kwa Wapwani. Ni vigumu basi kukubali kwamba Kiswahili hakiwezi kuyabeba mambo ya hodhi la kufungasia. Omo, tezi, mkuku, ngama, sitaha, rafadha, mrama, farumi, timazi: karibu kila kitu muhimu kimekwisha kupata jina, na kilichobaki, kama metasenta na dinamomita, kinakopeka kwa urahisi. Tatizo ni kwamba maneno hayo yamelala katika kamusi yakiwa na alama ya ubaharia pembeni, ilhali mwanafunzi wa uhandisi hujifunza elimu hiyo kwa Kiingereza, na kuli wa Bugolora hajifunzi kwa lugha yoyote. Neno farumi lingemfaa kuli zaidi ya mhandisi.

Katika Butiama ya leo kuna Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia kinachoitwa kwa jina la Mwalimu Nyerere. Mtu mwenye mazoea ya kukadiria angeweza kukadiria hodhi dogo la mafunzo huko: urefu wa mita 20, upana wa mita 2, kina cha mita 1. Maji yake yangekuwa tani 40, na maji hayo si lazima yatoke kisimani, kwa kuwa bomba la mradi wa Mugango, Kiabakari na Butiama hupandisha maji ya Ziwa Victoria mpaka kijijini. Maji yaleyale yaliyoko Bwisya yangekuwa ndani ya kuta hizo, kwa uzito uleule. Behewa lingeweza kungoja bajeti. Reli zingeweza kungoja. Kazi ya kwanza isingehitaji mwendo wowote.

Ingehitaji kielelezo cha mbao cha kivuko, chenye urefu usiozidi hatua mbili, mstari wa maji uliochorwa ubavuni kwa penseli, timazi iliyotundikwa katikati na rula chini yake, mizani ya dukani iliyo sahihi, na kopo la washa zilizofungwa kwa uzi katika mafungu ya gramu 16. Mwanafunzi angeyapanga mafungu sitahani, moja moja, akiandika mahali pa kila fungu. Angefika 101, akatazama mstari wa maji, akahamisha nusu ya mafungu kuelekea ubavu wa gati, akasoma rula, akaandika. Kisha angeyarudisha mahali pake, akangoja maji yatulie, akachukua fungu la 102.